Ukuta Uliotoka Mlangoni

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Hapa Ibadakuli tu wazima. Mama yako kamaliza kuvuna mpunga, na yule ng'ombe mwekundu kazaa ndama jike.

Video ya ofisi yenu nimeitazama mara tatu. Jamani, kuta zina magurudumu, meza zinakunjwa! Unaniuliza mtu atajuaje pake ni wapi, kila kitu kikihama.

Nilipokuwa karani wa wachimbaji kule Nyarugusu, ofisi yetu ilikuwa turubai moja. Tuliigawa kwa fremu za miti zilizowambwa magunia, zikafungwa kwa kamba ili zihamishike upesi. Mimi nilitaka chumba changu mwenyewe. Fremu yangu nikaikaza kwa waya, nikajiona bosi.

Siku moja shimo la dhahabu likaporomoka. Mengine nayaacha. Wanaume waliingia mbio, wakafungua kamba, wakachukua fremu za kuwabebea wenzao. Yangu ikagoma. Nilipambana kuufungua ule waya kwa vidole na meno, nikilia, mpaka ukaachia. Wakamlaza mchimbaji mmoja juu yake. Nikautazama ukuta wangu unatoka mlangoni na mtu anapumua juu yake.

Alipopona, aliniletea fremu yangu mwenyewe, kaiosha magunia yote. Akaniuliza aifunge wapi.

Nikamwambia popote, nikampa kamba.

Wabeja, asante sana mjukuu wangu, kwa kuniuliza.

Bibi yako