Kilo Kumi na Mbili

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji na watoto je? Huku kwa dobi pasi zinawaka na wateja wananung'unika, kwa hiyo tu wazima.

Majibu yametoka. Damu zetu zinalingana, figo yangu inakufaa. Ila daktari hanipasui na unene huu. Amesema nipunguze kilo kumi na mbili, na amenipa miezi minne. Nimeshaanza. Asubuhi chai kavu, mchana chungwa, jioni supu ya mboga. Kabla ya kazi nazunguka uwanja wa shule mara kumi. Wewe endelea kusafishwa damu, mengine niachie.

Mdogo wako,
Bonge

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Kwenye simu tunadanganyana "mzima, mzima", bora tuandikiane. Mashine ni Jumatatu na Alhamisi, muda wa saa nne kila mara. Nikirudi nalala. Silii, sicheki, nahesabu tu vigae vya darini.

Chungwa ni chakula cha ndege. Usijiue kwa ajili yangu.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Natumai barua hii inakukuta na nafuu kidogo.

Kilo tano zimetoka, na nguvu zimetoka nazo. Mzunguko wa tatu miguu inakuwa ya mtu mwingine. Juzi nilikuwa napiga pasi suti ya bwana harusi, nikasikia harufu ya kuungua. Nilikuwa nimesimama macho wazi, pasi imekaa palepale kifuani pa koti. Bosi alifoka sana. Nilimtazama kama natazama televisheni iliyozimwa sauti. Hata aibu sikuiona.

Bonge

16 Aprili

Mdogo wangu,

Shikamoo yako sijaiona kwenye barua, nikajua kweli umechoka. Marahaba hivyo hivyo.

Nilimweleza mama mmoja, mtaalamu wa lishe pale hospitali. Akasema, "Mwambie apunguze chakula, asipunguze akili." Kula kiazi kitamu kidogo saa moja kabla ya kukimbia. Ukimaliza, yai au maharage, maana bila hivyo mwili unakula misuli yake wenyewe. Kunywa maji. Siku mbili kwa wiki usikimbie kabisa, na ulale. Kilo moja kwa wiki, hata nusu, yatosha. Tukichelewa, tumechelewa.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia imewanyeshea sana.

Kilo kumi. Nilijaribu viazi na mayai, nguvu zikaanza kurudi, lakini mizani ikawa inasuasua na siku zinakwenda. Kocha wa pale nilipoanza kubeba vyuma akaniuzia unga wa kuchanganya na maji. Hakukuandikwa kitu kwenye kopo. Nakunywa asubuhi, njaa inakufa, nakimbia mizunguko ishirini. Mkojo umekuwa wa rangi ya chai, anasema ni mafuta yanatoka.

Bonge

11 Juni

Mdogo wangu,

Sikuuliza hata hali, nisamehe. Acha huo unga leo. Nenda kapimwe.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu hii tangu mchana.

Barua yako ilinikuta zimebaki kilo mbili. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea kunywa. Jana nilipanda mizani ya hospitali, zote kumi na mbili zimetoka. Nesi alinipigia makofi. Halafu daktari akaingia na karatasi, akavuta kiti.

"Figo zako zimeumia," akasema. "Ule unga. Ukiuacha huenda zikapona, lakini siwezi kukutoa hata moja."

Nilimwuliza na wewe je. Akasema atafutwe mtu mwingine. Tunajua wote kwamba hayupo. Nilitembea hadi nyumbani, nikavaa shati langu la zamani, likaning'inia. Nilisubiri nilie. Hakikuja kitu.

Nisamehe.

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Anayeniandikia hapa ni shemeji yako, maana mkono wangu umevimba. Maneno ni yangu.

Siku ile ilipofika barua yako nilikuwa naosha vyombo. Nilimaliza kuviosha. Hasira niliitafuta, sikuiona, labda mashine inaisafisha pamoja na damu. Jambo moja tu linanisumbua: mama alituacha wawili, na sitaki tuwe wawili kwenye mashine.

Kwa hiyo kilo usinitajie tena. Niandikie ulichokula. Kila siku, hata nisipojibu.

Dada yako

28 Julai

Dada,

Shikamoo.

Asubuhi: mkate vipande viwili, yai moja, maji.
Mchana: wali na maharage. Niliumaliza.
Jioni: ndizi, na kipande cha samaki alichoniachia bosi.

Sikukimbia leo.

Mdogo wako

29 Julai

Dada,

Shikamoo.

Asubuhi: uji.