Neno Nililommalizia Mume Wangu

Shangazi Luo mpendwa, naomba unisaidie kabla hatujachelewa. Mume wangu, Fan Delu, alikuwa mchomeleaji vyuma hapa Lanzhou, sasa ni mwaka wa nne misuli yake inakufa, hasemi wala hainui mkono, limebaki shavu tu, na kwa shavu hilo anabonyeza kitufe kimoja, sauti zinapita kwenye tableti moja moja, anabonyeza anayoitaka, halafu herufi zote za Kichina zenye sauti hiyo zinajipanga naye angoje tena mpaka ifike yake, neno moja dakika tano, na mimi nina kupika, kufua na kumgeuza, basi nikazoea kummalizia kwa kidole changu, na mara nyingi napatia. Wiki iliyopita daktari alimuuliza kama anakubali kutobolewa koo awekewe mpira wa kupumulia. Akachagua "si". Wagonjwa wamejaa mlangoni, daktari anatazama saa, nikagusa kioo nikamalizia: "Siogopi." Daktari akasema, "Vizuri, basi Alhamisi ya wiki ijayo." Mume wangu akafumba macho, na tangu siku ile hajabonyeza kitu. Naogopa kumuuliza, maana akisema "sitaki" nitabaki na nani?

Qiao Suzhen

Suzhen mdogo wangu, barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilikupigia simu siku ile ile, na haya nayachapisha kwa idhini yenu wawili. Umechoka, najua, miaka minne si mchezo. Lakini uchovu haukupi ruhusa ya kumsemea mtu juu ya koo lake mwenyewe.

Nilikuambia umwombe radhi, uweke mikono mapajani, ungoje. Ulingoja dakika arobaini. Akaandika: "Si sasa. Kwanza nimwone Yiru." Ukaniambia ukilia, "Shangazi, kumbe hakukataa." Hata angekataa, ingekupasa kumpelekea daktari neno hilo hilo.

Daktari amesogeza siku, na binti yenu Yiru yuko kwenye treni kutoka Guangzhou. Sasa sikiliza. Mwambie daktari atume maswali yake siku moja kabla, mumeo ajibu bila kukimbizwa. Fundi akifunge kile kioo kisipokee kidole cha mtu. Maneno ya kila siku, kama "nigeuze" na "maji", yawekwe mbele, na ayachague yeye. Na shemeji yeyote akikuambia, "Mmalizie tu, si unamjua?" mwambie kwamba uliwahi kudhani hivyo.