Chetezo cha Mama

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefukiza kama kila Alhamisi. Makaa, ubani, Yasini, halafu dua kwa Mama — mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Kabla hajafariki alinishika mkono: chetezo ni chako, Sauda, nyumba hii isikose ubani. Rajab, mume wangu, alikuwa amekaa hapo hapo. Alisikia!

Jumapili ni hitima ya arobaini. Mimi ndiye nitapitisha chetezo kwa wageni. Nimekisugua na majivu mpaka kinang'aa. Nina raha kama bibi harusi, wacha niseme ukweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Wifi Zamzam amefika kutoka Sondu. Yawa, huyo mtu! Hata chai hajamaliza, anauliza chetezo kiko wapi. Amekifunga kwa leso yake akaenda nacho chumbani. Rajab amekohoa tu, akasema anachelewa msikitini.

Jumamosi, 8 Novemba

Sasa nimejua. Nilikuwa nachagua mchele, Zamzam yuko sebuleni na mashangazi. Anawaambia ubani wangu si wa Mama peke yake. Eti namwombea pia mama yangu mzazi, Mkristo wa Awasi, aliyezikwa na kwaya. Eti naita mizimu ya kwetu na chetezo cha Waislamu.

Kumtaja mama yangu, namtaja. Nisimtaje kwa nini? Lakini nilimwambia mtu mmoja tu duniani, tena kitandani, nikilia. Akanipangusa machozi. Akasema Mungu anajua, Sauda, wewe taja tu.

Nimemuuliza Rajab. Ameangalia viatu vyake. Eti alitaka ushauri. Ushauri! Kwa Zamzam! Afadhali angenitukana mbele ya watu, ningejua nimetukanwa.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika jikoni. Sebule imejaa wanawake. Zamzam ana chetezo, ana makaa — ubani hana! Kopo liko hapa mapajani mwangu, hakuna aliyekumbuka kuuliza. Nasikia wageni wakinong'ona: hitima gani hii bila ubani?

Nimetupa kidogo kwenye jiko la chai. Nimewataja wote wawili, Mama na mama yangu Benta, kwa sauti. Moshi umeingia sebuleni.

Rajab amekuja mlangoni. Anasema polepole: lete hilo kopo, Achola.

Achola! Jina la kwetu, nililoliacha siku niliposilimu kwa ajili yake. Tangu anioe hajawahi kuniita hivyo. Bado amesimama, mkono ameunyoosha. Kopo nimelishika.