Ansbert na orodha ya wafadhili

Hope, acha kwanza kupika, usome vituko vya Ansbert wetu.

Si unajua lile shirika lao la utafiti wa selimundu pale Mtoni? Friji la sampuli limekufa, damu za watoto zilizokusanywa miaka miwili zinataka kuharibika, na wafadhili walioahidi hela wako kimya.

Basi Ansbert, bingwa wa kamati za harusi, kawaunganisha wote kwenye grupu moja. Halafu kabandika orodha: jina, ahadi, alicholipa. Vile tunavyoaibishanaga kwenye HARUSI, Hope!

"Mzee Hashil, ahadi milioni tano, amelipa sifuri."

Sifuri! Mwenyekiti wa bodi!

Dakika mbili tu, mzee kapiga simu. Ansbert kasimama wima, "Shikamoo mzee," jasho linamtiririka, keshaiaga kazi moyoni.

Mzee kauliza kitu kimoja: "Muntasir katoa ngapi?"

"Sita, mzee. Milioni sita."

"Shemeji yangu yule. Natuma saba sasa hivi. Zikiingia tu, panga orodha upya, nikae juu yake."

Fundi wa friji keshafika. Ansbert bado kasimama.