Ndung'u Ambaye Hatazaliwa

Bondeni,
S.L.P. 2846,
Nakuru.

9 Machi 2025

Mpendwa dada Wamaitha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za Kanada? Baridi imepungua? Na mgongo wako je, kwa kuinua wale wazee kutwa nzima? Sisi tu wazima, ila nimekukosa hadi nakasirika. Nikipita kwa yule mama wa mitumba tulipokuwa tukigombania sweta, naangalia kando.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuongei. Tukipiga video, kama si Mami ameishika puani, ni watoto wanang'ang'ania kukuonyesha meno. Jambo hili nataka ulisome peke yako.

Unajua nilipasuliwa kwa watoto wote watatu. Alipozaliwa huyu mvulana, daktari alituonya kwamba mimba nyingine inaweza kuniua. Vidonge navyo vinanipandisha presha. Basi Mwaura akasema, "Wewe umepasuliwa mara tatu, Becky. Sasa wacha na mimi nikatwe kidogo." Anataka kufunga uzazi, yeye mwenyewe. Shemeji yako, yule anayefumba macho akichomwa sindano!

Kumpata daktari ndiyo ilikuwa kazi. Mwaura aliona aibu kuulizia, mpaka nikamkumbusha kwamba kuuliza si ujinga. Kliniki ya kwanza, jamaa wa koti jeupe alitaka kumlaza hapo hapo. "Dakika kumi tu, boss, umemaliza." Mwaura alipoomba kuona leseni, jamaa akaanza kutafuta funguo za droo, na sisi tukatafuta mlango.

Nesi wa kliniki ya akina mama ndiye aliyetuelekeza kwa Daktari Chepkemboi. Huyo alitukalisha wote wawili, akatuambia tulihakikishe jina lake kwa baraza la madaktari kabla ya kurudi. Alieleza kwamba Mwaura atatiwa ganzi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na tuendelee kujikinga mpaka apimwe baada ya miezi mitatu. Kisha akasema tusitegemee kwamba kunaweza kufunguliwa tena. Hapo moyo wangu ukakwama.

Wamaitha, mvulana wetu ana jina la babake Mwaura. Wa pili ndiye angepewa jina la Baba yetu, Ndung'u, awe Baba amezaliwa tena. Unakumbuka kila Krismasi anavyonitania, "Na mimi nitazaliwa lini?" Huyo Ndung'u mdogo nimemwaza miaka mingi. Najua hata masikio yake.

Jambo kama hili binti hamwambii baba yake, kwa hivyo nilipanda hadi nyumbani Molo nikamwambia Mami, naye akalifikisha. Baba alitoka kuangalia ng'ombe, akakaa huko sana. Aliporudi alinifungia nusu gunia la viazi, akasema, "Mwambie Mwaura ale vizuri, apone haraka." Hakutania. Aliponishika mkono wa kwaheri nilitamani sana anitanie.

Usidhani nakutupia wewe mzigo wa kumzaa huyo Ndung'u. Mungu akikupa, tutashangilia. Asipokupa, Baba ana sisi wawili na anatupenda.

Mami anakusalimu, na wasichana wanauliza wewe Tata yao utakuja lini. Nawe nisalimie Chelimo unayekaa naye, mwambie asikuache ule mkate mchana na jioni. Mungu akufunike huko uliko, na mikono yako isichoke.

Mwaura anaingia kliniki Ijumaa ya wiki ijayo. Nimekubali kwa moyo wote, maana nataka kuishi niwalee hawa watatu. Lakini najua nikikaa kwenye benchi pale nje machozi yatakuja, na nitayazuia, kwa sababu akitoka akaniona nalia atadhani najuta. Kwako ningelia tu, na usingeniuliza kitu.

Barua hii ikikufikia, yote yatakuwa yamekwisha. Nipigie hata hivyo, dada. Nitakuwa sijalia bado. Nakungoja wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Becky