Picha ya Ukutani kwa Mangi

Songea, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje na mvua hizi? Baba ameandika kwamba hausumbui tena, halafu mwisho wa barua akasema unakwenda shambani ukichechemea, kwa hiyo sijui nishike lipi. Huku kwa Mjomba Gaudensi hatuumwi, ila huyu mdogo wako amenichosha.

Unajua tangu aache kuchora watakatifu wa makanisani anaishi kwa kuchora kuta za maduka. Kazi zipo, maana siku hizi duka linafunguliwa kila kona. Wachoraji wenzake wananakili sura kutoka kwenye kalenda na kumaliza siku hiyo hiyo. Yeye hataki. Anataka mtu halisi akae mbele yake mpaka achoke. Anasema mtu akichoka anasahau kupanga uso, na hapo ndipo yeye anaanza. Anayekaa ni mimi, Mama. Nikimwambia nina mtihani wa Bailojia, ananijibu, "Soma tu, Imelda. Ukisoma unachoka vizuri."

Sasa Mangi, yule mfanyabiashara wa Moshi aliyefungua hoteli karibu na stendi, alimwagiza Mjomba amchoree msichana anayekunywa soda huku anacheka. Mjomba akanichora mimi, ninasoma kitabu, nimekunja uso. Sikujua mpaka wasichana wa darasani waliponiuliza kama siku hizi ninauza chapati. Nikaenda kuona. Hata chunusi ya kidevuni hakuiacha.

Nilimkuta Mangi amesimama mbele ya ukuta na Mjomba.

"Gaudensi, mimi nauza chakula. Huyu dada kama amefiwa."

"Anasoma," Mjomba akasema.

"Asomee kwao. Mpe soda acheke, au nitafute fundi mwingine."

Mjomba akamwambia hawezi kuchora kicheko ambacho hajakiona, kisha akanigeukia. "Hebu cheka kidogo." Mbele ya wapishi na wateja wote. Mama, mimi hata kusoma somo kanisani siwezi. Nilimwambia afute uso wangu, la sivyo narudi nyumbani Namasakata, shule au hakuna shule. Sijawahi kumjibu hivyo. Jioni hakula.

Wiki iliyopita akaniambia amechora upya na Mangi ameridhika. Msichana amesimama kaunta, ametugeuzia mgongo, anapokea soda. Uso hauonekani kabisa. Nikamshukuru Mungu. Kesho yake wasichana wale wale wakaniambia, "Imelda, tumeona kisogo chako."

Nikarudi pale nimeshapanga maneno yote ya kumwambia Mjomba, na nguo za kufungasha. Nikatazama. Shingo imeinama upande. Uzito wote uko mguu wa kulia, wa kushoto umepumzishwa, mkono mmoja umeshika kiuno kwa nyuma. Mimi sisimami hivyo, Mama. Nani hapo nyumbani anasimama hivyo akisubiri ndoo ijae?

Nilimuuliza Mjomba amemchora nani.

"Si wewe?" akasema, akaendelea kuosha brashi zake. Nilimtazama sana. Hakuwa anatania.

Sikumwambia. Nguo zangu sikuzifungasha. Ila nikitoka shule siku hizi napitia stendi, ingawa ni kuzunguka.

Msalimie Baba, na jirani yetu anayekutekea maji siku hizi. Mdogo wangu Titus asichane madaftari yangu kutengeneza vishada.

Ni mimi mwanao, niliyechoka vizuri,
Imelda