Mwisho Niliousimulia Kongwa

Area D, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Subilaga,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, maana ndani kuna joto, na huku nje upepo unataka kuniibia karatasi kila nikiinua kalamu. Nimeikandamiza kwa kopo la chumvi. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya vumbi ambayo huku hakuna anayeyahesabu kuwa ugonjwa. Wewe je, mgongo umetulia? Bado unakwenda kuchuma chai, au umemsikiliza shemeji ukapumzika? Mama na miguu yake anaendeleaje? Habari za mvua usiniandikie, utanitia wivu bure. Huku mtu akiona wingu anamwita jirani aje alitazame.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ila sisi kwenye simu tunaulizana "mzima?", "mzima", halafu mtandao unagoma. Nina jambo la kukusimulia lenye mwanzo na mwisho, tena lenye miisho miwili, na katika watu wote ninaowajua ni wewe tu ninayetaka kujua utasema nini.

Mara ya mwisho uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, kwamba Mama amewaambia majirani nacheza filamu. Sichezi, dada. Natia sauti. Bwana Shomari, huyu mzee wa mjini hapa ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara, ana chumba nyuma ya nyumba yake, kuta amezibandika trei za mayai na magodoro makuukuu ili kelele za nje zisiingie. Anapata filamu za nchi za mbali, tunazitazama mpaka tunazielewa, kisha tunazisemea kwa Kiswahili. Yeye ni wanaume wote, wazuri kwa wabaya. Mimi ni wanawake wote na watoto wote. Wiki moja nimekuwa malkia, mchawi, bibi harusi na mapacha wa kiume. Filamu zikishakamilika anazipeleka kwenye vibanda vya video mjini na vijijini.

Kazi hii imenifanya mdadisi kupita kiasi. Siku hizi nikisikia mtu analia msibani, badala ya kulia naye nasikiliza kilio kinaanzia wapi. Kinaanzia puani, dada, si machoni. Na nimeanza kujijua kwa vitu ninavyovipenda. Riwaya ninazozipenda ni zile ambazo watu wake wanapika na kula. Mwandishi akiniandikia kurasa mia na hakuna aliyeshika sufuria, simwamini hata akisema kumekucha. Filamu nazo, sizipendi zile ambazo mtu ametembea jangwani na viatu vyake vinang'aa. Lakini kubwa kuliko yote unalijua mwenyewe: napenda mwisho mwema. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisomea riwaya zako wakati wa masika, mvua inapiga bati mpaka unapaza sauti? Wewe ulipenda zinazouma. Mimi nilikuwa naziba masikio ukikaribia mwisho, nawe unaniambia, "Atupele, hadithi si pipi." Tumebishana hivyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Sasa sikiliza.

Mwezi uliopita tulitia sauti filamu moja ya mama na mwanawe. Mama ana mgahawa karibu na reli. Kijana wake anagombana naye, anaondoka bila kuaga. Majirani wanamwambia mama amtafute, naye anajibu, "Aliyeondoka ndiye apige hodi." Kila siku anapika chakula cha watu wawili. Miaka inakwenda, nywele zinakuwa nyeupe. Nilimpenda yule mama. Niliposema maneno yake nililia kweli, hadi Bwana Shomari akasimamisha mashine akaniletea maji.

Basi siku ya mnada tukaenda Kongwa, kwenye kijiji kimoja ambako Bwana Shomari ana shemeji yake mwenye kibanda. Alitaka nisikie mwenyewe watu wanavyopokea. Ilikuwa mchana. Ndani walijaa wanaume waliotoka kuuza ng'ombe, fimbo zao wamezisimamisha ukutani, na mlangoni walikaa wanawake wachache na nyungo zao za biashara. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyeuza karanga, watu wote wakimwita Mama Yudita. Nilimuuliza shemeji wa Bwana Shomari, "Huyo Yudita yuko wapi?" Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Yudita alimfuata mwanamume ambaye mama yake hakumtaka, akaondoka alfajiri bila kuaga, na tangu hapo hawajasemezana. "Kila anayemsalimia anamtajia huyo binti," akasema, "na yeye anaitika tu."

Nilitamani tungekuwa tumeleta filamu nyingine.

Watu walitazama kwa utulivu ambao sikuutegemea. Wengi wao Kigogo ndiyo lugha ya nyumbani, lakini yule mama wa kwenye filamu alipotoa jibu lake la hodi, mzee mmoja aliitikia, "Sawasawa!" Tukafika pale mama amezeeka, anawasha jiko kwa mikono inayotetemeka, na kwa mbali treni inalia. Hapo hapo umeme ukakatika.

Kelele zake usiulize! Tukangoja, tukangoja, haukurudi. Bwana Shomari akasimama kuomba radhi, ndipo kijana mmoja mfugaji akasema, "Huyu dada si ndiye sauti ya yule mama? Basi mwisho anaujua. Atumalizie."

"Atumalizie!" kibanda kizima kikapokea.

Nikasimama mbele ya skrini iliyokufa. Nikaanza na treni, kijana anashuka na sanduku, amenenepa, ana ndevu. Nikaitumia sauti ya yule mama, maana ilikuwa bado imo kooni mwangu. Nikamfikisha kijana kwenye uchochoro wa nyumbani kwao. Dada, mwisho wa kweli naujua. Nimeusema mwenyewe. Kijana anakuta mgahawa umefungwa, jirani anatoka na ufunguo, anamwambia mama yake amezikwa juzi. Nilipofika hapo nikainua macho, nikamwona Mama Yudita. Alikuwa ameacha kumenya karanga. Amenikazia macho kama mtu anayesubiri daktari aseme.

Sikuweza. Nikamfungulisha yule mama mlango. Nikamtoa nje na upawa mkononi, nikamfanya amtazame mwanawe toka juu hadi chini, kisha nikasema kwa sauti yake, "Umenawa? Ingia ule, kinapoa."

Wakapiga makofi. Wengine wakapiga fimbo zao sakafuni. Mama Yudita alijifuta kwa ncha ya kitenge, akajitwika ungo wake, akaenda zake. Nje Bwana Shomari akanishika mkono pembeni. "Atupele binti yangu, ile filamu umeitoa wapi?"

"Samahani baba."

"Kesho umeme ukirudi watataka kuona mwisho. Utawaambia nini? Wakisema sauti zetu zinadanganya, nani atanunua filamu kwangu tena?"

Tulilala kwa shemeji yake, na kesho yake asubuhi umeme ukarudi. Habari zilikuwa zimekwishazunguka kijiji kizima, kibanda kikajaa kuliko jana. Filamu ikawekwa kuanzia pale pale. Mimi nilisimama nyuma kabisa, najisikiliza.

Treni ikafika. Kijana akashuka. Mgahawa umefungwa. Jirani akatoka na ufunguo. Kijana akauliza, "Alisema nini?" Na sauti yangu, kwa kinywa cha jirani, ikajibu, "Alisema utapiga hodi." Kisha maandishi yakaanza kupanda.

Halafu mtu mmoja akalalamika, "Lakini jana alikuwa hai!" Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kuna waliosema mwisho wangu ni bora na urudishwe. Kuna waliosema nimewafanya watoto. Yule mzee wa "sawasawa" alichukua fimbo yake akatoka bila kuaga mtu. Bwana Shomari alikuwa anageuka huku na huku kama refa.

Mama Yudita alinisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jana ulipokuwa unasimulia ulinitazama mimi."

"Ndiyo, mama."

"Ukanionea huruma."

Nikainamisha kichwa. Nilijua atanisema, na nilistahili.

"Ile huruma yako nilikwenda nayo nyumbani nikalala vizuri," akasema. "Nikajiambia, kumbe watoto hurudi wenyewe, basi na mimi ningoje. Filamu ya leo imeninyima hata pa kukaa." Akatoa simu yake ndogo kutoka kwenye pindo la kitenge. "Namba yake ninayo. Shangazi yake alinitumia zamani. Nipigie wewe, vidole vinanicheza."

Nikaitafuta, nikapiga, nikaweka sauti ya nje kama alivyotaka. Ikaita. Ikaita tena. Halafu sauti ya msichana ikasema, "Haloo? Nani?"

Mama Yudita alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Dada, mimi kazi yangu ni kuwasemea akina mama. Maneno yalikuja yenyewe mpaka kwenye ulimi, mazuri kabisa, na tayari nilikwishavuta pumzi. Yeye akaninyooshea kiganja, nyamaza.

"Yudita," akasema. "Mama hapa."

Upande wa pili kikaanza kilio.

"Unalia nini? Kuna mtu anakupiga?"

"Hapana mama. Hakuna anayenipiga."

"Basi futa kamasi uniambie uko wapi."

Alikuwa Singida. Singida, dada! Hapo hapo tu, basi la asubuhi linakufikisha mchana huo huo. Miaka yote hiyo mama huyu alikuwa akitazama barabara kama vile binti amevuka bahari. Tukiwa bado tunasikiliza, kitoto kikalia kwenye simu, na Mama Yudita akauliza kwa ukali, "Na huyo nani?"

"Ni mjukuu wako, mama. Anaitwa Dorika."

Mama yule akakaa chini vumbini. Nikadhani ameanguka, nikamshika bega. Kumbe Dorika ni jina lake mwenyewe, ambalo hapo kijijini hakuna aliyelitumia tangu amzae Yudita. Akarudia kimyakimya, "Dorika. Dorika," kama mtu anayejaribu kiatu. Mimi nikaondoka nikawaacha. Hayo mengine hayakuwa yangu kuyasikia.

Tukiwa njiani kurudi Dodoma nilimwambia Bwana Shomari yaliyotokea. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Bila asali uliyowapa jana, shubiri ya leo wangeitema." Kisha akaongeza kwamba nikirudia tena kubadilisha filamu ya watu atanikata mshahara, na kwamba kama nina miisho mingi hivyo kichwani, niandike filamu yangu mwenyewe, ya watu wa huku, yeye atatafuta mtu wa kamera. Nimeanza. Nimeandika mwanamke anayepukuchua uwele nje ya nyumba yake na hataki kumwambia mtu anamngoja nani. Sijui anakwenda wapi baada ya hapo. Kila jioni namuuliza naye hanijibu.

Sasa wewe niambie. Je, umeshinda ubishi wetu? Maana ni mwisho wako wa kuuma uliomfanya apige simu. Lakini Bwana Shomari anasema ni ile asali ya kwanza. Na kuna jambo jingine linalonisumbua: yule mama wa kwenye filamu hayupo, hajawahi kuwepo, mgahawa wenyewe pengine ni mbao tu zimepakwa rangi. Imekuwaje mtu asiyekuwepo, kwa sauti ya msichana wa Tukuyu, amfanye mwanamke wa Kongwa aseme neno ambalo mchungaji, ndugu na majirani walishindwa kumtoa? Nauliza kweli, sijipambi. Wewe uliyesoma riwaya nyingi kuliko mimi labda unajua.

Jana Mama Yudita alipita hapa akielekea Singida. Alikuwa amevaa gauni jipya na ameniletea karanga mfuko mzima, na nguo za mjukuu amezikumbatia kama yai. Nilimsindikiza stendi, nikamtafutia kiti cha dirishani. Basi lilipowashwa akafungua kioo akaniita.

"Hivi Atupele, yule mama wa kwenye filamu. Yule mwenyewe, mwigizaji. Yu hai?"

"Nadhani yu hai, mama."

"Ahaa." Gari likaanza kusogea. "Basi ukimwona mwambie nimefika."

Nisalimie Mama, mwambie sichezi filamu lakini asiwasahihishe majirani. Msalimie shemeji na ukoo wake wote, watoto wako wote wawili, na shangazi Anyosisye anayeniombea mume kila Jumatano, mwambie apunguze kidogo. Msalimie pia mwalimu wangu wa darasa la nne aliyekuwa akikuazima vile vitabu. Ndaga fijo kwa kila kitu, dada, na hasa kwa sauti yako iliyokuwa ikishindana na mvua.

Ni mimi mdogo wako, mpenda pipi,
Atupele